Kadi ya bluu ya California: kuipata, kuitumia, na sheria za kushika pale inapokomea

Kadi ya bluu inayoning'inia kwenye kioo cha ndani cha gari ina kazi moja: kumruhusu mtu mwenye ulemavu unaomzuia kutembea au kuona vizuri aegeshe mahali ambapo wengine hawaruhusiwi. Haimlazimishi mwajiri akupe kiti kazini. Haimlazimishi mwenye nyumba akutengee nafasi ya gari karibu na mlango wako. Hayo yanalindwa na sheria nyingine za jimbo, zenye ofisi nyingine na tarehe zake za mwisho. Ukichanganya mawili haya utapeleka shauri la kazi DMV, ofisi ya magari ya jimbo, ambako hakuna wa kulisikiliza. Au, kibaya zaidi, utaiacha haki yako ya nyumba kwa kudhani kwamba aliyenyimwa kadi hana ulemavu mbele ya sheria.

Maelezo haya ni ya California peke yake. Ukisafiri na kadi hii kwenda Texas au Ohio itaheshimiwa, kwa sababu majimbo ya Marekani hutambuana kwa jambo hili. Lakini ukihamia huko, ada, rangi na muda hubadilika, na utaomba upya.

1. Chagua kadi inayokufaa

Zote huombwa DMV, kwa fomu moja iitwayo REG 195.

Kadi ya kudumu ni ya bluu na haina ada. Pamoja na jina lake, inakwisha: kadi zote za kudumu za jimbo hufikia kikomo tarehe 30 Juni ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, yaani 2025, 2027, 2029. Aliyeipata mwezi Mei wa mwaka kama huo asishangae kuona tarehe ya mwisho iko karibu.

Kadi ya muda ni nyekundu na ada yake ni dola 6. Ni ya mtu aliyevunjika mguu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na wengine watakaopona. Hudumu siku zisizozidi 180, au hadi tarehe aliyoandika daktari ikiwa ni fupi zaidi. Haiwezi kuongezwa zaidi ya mara 6 mfululizo.

Kadi ya safari haina ada. Mkazi mwenye kadi ya kudumu anaweza kuiomba ya siku 30, ili ya kwake ibaki kwenye gari la nyumbani. Inayowahusu wengi wetu ni ile ya mgeni: mtu asiye mkazi wa California, mwenye ulemavu wa kudumu, anaweza kupewa ya hadi siku 90. Mama akija kutoka Mombasa au Bujumbura kuona wajukuu na hawezi kutembea umbali, ombeni hii mapema badala ya kuazima ya jirani. Kuazima ni kosa, tutalifikia.

Zipo pia namba za gari zenye alama ya kiti cha magurudumu. Hizi hufungwa kwenye gari lililosajiliwa kwa jina la mwenye ulemavu mwenyewe. Kadi, kinyume chake, humfuata mtu. Huhitaji kuwa na gari wala leseni ya udereva ili uipate: abiria anayepakiwa na mwanawe leo na kwenye teksi kesho anaitumia kote.

2. Kabla ya kuingia kwa daktari

Ombi hushinda au hushindwa kwenye sehemu ya fomu inayojazwa na mtabibu. Wanaoruhusiwa kusaini ni daktari, daktari wa upasuaji, msaidizi wa daktari mwenye leseni, muuguzi mtaalamu na mkunga muuguzi aliyeidhinishwa. Mtaalamu wa macho husaini mambo ya macho tu. Mtaalamu wa miguu na yule wa kunyoosha mgongo husaini yale yaliyo ndani ya leseni zao. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hasaini, hata kama ndiye anayekuona kila wiki na kuujua mwili wako kuliko wote.

Hali zinazokubalika zimeandikwa kwenye sheria. Ugonjwa wa mapafu unaokubalika ni ule ambapo hewa unayoweza kuitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza ya kipimo haifiki lita 1, au kiwango cha oksijeni kwenye damu ya ateri, ukiwa umepumzika, kiko chini ya 60 mm Hg. Ugonjwa wa moyo uwe wa daraja la III au la IV kwa mizani ya chama cha moyo cha Marekani. Kisha kuna kupoteza mguu mmoja au zaidi, au mikono yote miwili, au matumizi yake. Kutoweza kutembea bila kifaa. Ugonjwa uliothibitishwa unaozuia sana mwendo. Na matatizo ya kuona yaliyopimwa, pamoja na uoni hafifu.

Angalia kisichomo. Uziwi peke yake haukupi kadi. Kisukari peke yake hakikupi, wala kifafa, wala sonona. Kisukari kilichoharibu mishipa ya miguu hadi mtu hatembei umbali, hicho kinakupa. Kwa hiyo mweleze daktari mwendo wako, zaidi ya jina la ugonjwa: unatembea hatua ngapi kabla ya kusimama, unasimama kwa sababu gani, unatumia fimbo au kigari, umeanguka mara ngapi mwaka huu. Baadhi ya visanduku vya fomu humtaka aandike maelezo pembeni, na hapo ndipo maombi hukwama. "Maumivu ya mgongo" bila kusema yanavyozuia kutembea ni maelezo pungufu. Kisanduku cha kifaa bila jina la kifaa ni pungufu vilevile.

Kama Kiingereza chako si cha kutosha kueleza haya, omba mkalimani unapoweka miadi, si siku yenyewe. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Taja ni Kiswahili gani. Mkalimani wa Nairobi na mgonjwa wa Uvira husikilizana, lakini majina ya maradhi na viungo hupishana, na neno moja la mwendo likipotea hupotea na kisanduku chake. Usimtumie mtoto wa miaka 12 kutafsiri. Ataruka mambo ya aibu, na mara nyingi hayo ndiyo yanayotakiwa.

Ambaye ulemavu wake unaonekana bila ubishi, kwa mfano aliyekatwa mguu au asiye na mikono miwili, anaweza kwenda mwenyewe DMV na sehemu ya daktari isihitajike.

3. Kujaza na kuwasilisha

Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Tangu 2018 jimbo linataka uthibitisho wa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na hapa majina yetu huleta taabu: pasipoti ina majina matatu, kadi ya ukaazi ina mawili, kliniki imeandika la baba kwanza. Yapatanishe kabla ya kutuma. Tarehe ya 1 Januari waliyopewa watu wengi kwenye kambi za wakimbizi iache kama ilivyo kwenye hati zako za Marekani, hata kama unajua ulizaliwa wakati wa masika.

Fomu hupelekwa kwa posta, kwa anwani iliyochapwa juu yake, au mkononi kwenye ofisi ya DMV. Mkononi ni bora ikiwa una shaka yoyote, kwa sababu karani ataona pengo palepale. Piga picha kila ukurasa kabla haujatoka mikononi mwako. Ukipewa kadi utapewa na karatasi ndogo ya utambulisho wake. Itie kwenye pochi na uitunze, kwa kuwa askari ana haki ya kuiomba pale unapotumia kadi.

4. Kuitumia bila kujitia matatani

Ining'inize kwenye kioo cha ndani ukishaegesha, namba zikitazama nje. Iondoe kabla ya kuondoka. Kuendesha huku inaning'inia ni kuziba uoni, na askari anaweza kukusimamisha kwa hilo tu.

Inakuruhusu kuegesha kwenye nafasi yenye alama ya kiti cha magurudumu, na kando ya ukingo wa barabara uliopakwa bluu. Kwenye ukingo wa kijani, ambako wengine wana dakika chache, wewe huhesabiwi dakika. Kwenye mita za barabarani hulipi. Kwenye mitaa ya wenye vibali vya ukaazi au vya wafanyabiashara huhitaji kibali chao.

Haikuruhusu ukingo mwekundu, wa njano wala mweupe. Haikuokoi siku ya kufagia barabara. Gereji ya watu binafsi inaweza kukutoza kama kawaida, maana msamaha wa malipo ni wa mita za barabarani. Na haikuruhusu kamwe kusimama kwenye mistari ya mshazari iliyo kando ya nafasi ya bluu, hata kwa dakika moja, hata ukiwa na kadi. Wengi huiona ni nafasi iliyobaki bure, wengine huweka pikipiki au vigari vya dukani. Pale ndipo ubao wa mteremko wa kiti cha magurudumu unaposhukia kutoka kwenye gari. Ukipaziba, mwenye kiti akirudi hawezi kuingia garini mwake, na atakusubiri juani. Faini huanzia dola 250 hadi 1,000, sawa na ya mtu aliyeegesha kwenye nafasi yenyewe bila kadi.

Sasa kuazima. Bibi amebaki nyumbani, mjukuu amechukua gari na kadi kwenda kununua unga: hilo ni kosa. Sheria inataka mwenye kadi awe ndani ya gari, au awe karibu nalo kwa ajili ya kusafirishwa. Kumsubiri bibi mlangoni mwa kliniki ni halali. Kumfanyia bibi manunuzi yeye akiwa kitandani si halali. Adhabu ni dola 250 hadi 1,000, na mwendesha mashtaka akitaka anaweza kulifanya shauri la jinai lenye kifungo cha hadi miezi 6. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani, rekodi ya jinai ni bei kubwa mno kwa kuokoa hatua 40 za kutembea.

Mwenye kadi akifariki, kadi irudishwe DMV ndani ya siku 60. Katika siku za msiba hakuna anayeikumbuka. Apewe mtu mmoja kazi hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalijui: kituo cha mafuta cha kujihudumia kinatakiwa kumjazia mafuta dereva mwenye kadi au namba za ulemavu kwa bei ileile ya kujihudumia, isipokuwa kama kuna mfanyakazi mmoja tu zamu hiyo. Piga honi au mpigie simu aliye ndani. Usishuke ukaanguka kwa kuona haya.

5. Ukikuta tiketi kwenye kioo

Kama kadi ilikuwa halali lakini ilianguka chini ya kiti au uliisahau nyumbani, usilipe faini nzima. Peleka nakala ya kadi na karatasi yake ya utambulisho kwa mamlaka iliyotoa tiketi. Sheria inawaruhusu kuifuta na kutoza ada ya kushughulikia isiyozidi dola 25. Inawaruhusu, haiwalazimishi, kwa hiyo andika kwa adabu na uambatishe picha.

Kama unapinga tiketi yenyewe, una siku 21 tangu ilipotolewa kuomba ipitiwe upya. Wakikataa, una siku 21 nyingine kuomba usikilizwe, na baada ya hapo siku 30 za kwenda mahakamani. Ukinyamaza hadi utumiwe barua ya kwamba umechelewa kulipa, unabaki na siku 14 tu za kuanza, tangu ilipotumwa. Tiketi ikiachwa hurudi siku ya kuhuisha usajili wa gari, pamoja na nyongeza.

6. Kuhuisha na kupotea

Kadi ya kudumu huhuishwa kwa posta bila kurudi kwa daktari, ila ambaye amekuwa nayo miaka 6 hutumiwa notisi ya kusaini kwamba bado anaihitaji. Asiyesaini hapati mpya. Notisi hiyo huenda kwenye anwani waliyo nayo DMV, na familia zinazohama nyumba kila mkataba ukiisha huikosa. Ukihama, wajulishe ndani ya siku 10. Kadi ikipotea au kuibwa unapewa nyingine, lakini ndani ya miaka 2 hupati zaidi ya 4 bila cheti kipya cha daktari.

7. Kama maegesho yenyewe ni mabovu

Hapa kadi inaishia na sheria ya kupinga ubaguzi inaanza. Chukua futi kamba. Chini ya kanuni za ujenzi za California, nafasi ya kawaida ya bluu iwe na upana wa futi 9 (sentimita 274) na urefu wa futi 18, pamoja na njia ya mistari ya futi 5 (sentimita 152) pembeni. Nafasi ya gari kubwa lenye ubao wa mteremko wa kiti cha magurudumu iwe futi 12 na njia ya futi 5, au futi 9 na njia ya futi 8. Uwazi wa kwenda juu wa kupitisha gari hilo usipungue inchi 98. Mwinuko usizidi 1 kwa 48 upande wowote, kiasi cha asilimia 2: weka chupa ya maji imelala juu ya lami, ikikimbia yenyewe una sababu ya kupima. Bango liseme kwamba faini ya chini ni dola 250.

Idadi pia imepangwa. Maegesho ya magari 1 hadi 25 yawe na nafasi 1. Magari 26 hadi 50, nafasi 2. Magari 51 hadi 75, nafasi 3. Magari 76 hadi 100, nafasi 4. Katika kila nafasi 6 au sehemu yake, moja iwe ya gari kubwa, maana yake palipo na nafasi moja tu, hiyo moja ndiyo ya gari kubwa. Kosa la kawaida ni rangi iliyofutika na bango lililoanguka. Kosa la pili ni nafasi ya bluu iliyopangwa mbali na mlango kwa sababu ya mbele imewekewa wateja wa kuchukua chakula. Majengo ya zamani hupimwa kwa kanuni za wakati wake na kwa yale yanayoweza kuondolewa bila gharama kubwa, kwa hiyo tofauti ya inchi 2 peke yake isikupandishe hasira kabla ya kujua jengo ni la lini.

Sheria kuu hapa ni ya Unruh, ya 1959. Inasema kwamba biashara yoyote California isimbague mtu kwa ulemavu wake, na inataja pia uraia, lugha yake ya kwanza na hali yake ya uhamiaji, kwa hiyo asiye na karatasi naye amelindwa. Sheria ya ADA ya serikali kuu, ya 1990, inayolinda watu wenye ulemavu, inakataza mambo hayohayo, lakini mtu binafsi akiishtaki biashara chini ya ADA hupata amri ya kurekebisha, hapati fidia. Unruh ndiyo inayoleta fedha: si chini ya dola 4,000 kwa kila kosa. Kuvunja ADA ni kuvunja Unruh, na Mahakama ya Juu kabisa ya California iliamua 2009, katika shauri la Munson dhidi ya Del Taco, kwamba katika hali hiyo huhitaji kuthibitisha kuwa mwenye duka alikusudia kukubagua.

Lakini lazima kizuizi hicho kikuguse wewe: uliyefika pale, ukashindwa au ukataabika. Piga picha siku hiyohiyo, futi kamba ikionekana, bango la duka likionekana. Hifadhi risiti inayoonyesha ulikuwa mteja. Mahakama ya madai madogo hupokea dai la mtu binafsi la hadi dola 12,500, na humo huhitaji wakili. Kabla ya kufika huko, barua moja kwa meneja mara nyingi humfanya atoke kwenda kununua rangi.

Na wewe mwenye mgahawa au duka la vitenge: mwite mkaguzi aliyeidhinishwa na jimbo, anayeitwa CASp. Biashara iliyokaguliwa na kurekebisha kasoro kwa wakati hupunguziwa fidia hiyo ya chini. Mwenye jengo akikwambia maegesho ni shida yako, au wewe ukimwambia ni yake, sheria inaweza kuwashika wote wawili.

8. Nyumba ya kupanga

Kanuni za serikali kuu kuhusu makazi zinatoa mfano unaofaa kunakiliwa: jengo la nyumba 300 lenye nafasi 450 za magari, anayewahi ndiye anayepata. Mpangaji asiyeweza kutembea mbali anaomba nafasi yake karibu na mlango. Kanuni zinasema mwenye nyumba anavunja sheria akikataa, kwa sababu bila nafasi hiyo mpangaji hafaidi nyumba yake kama wengine. Sheria ya California ya ajira na makazi, ijulikanayo kama FEHA, inafuata mkondo huohuo.

Andika barua au barua pepe yenye mambo manne: kwamba wewe au mtu wa nyumbani mwako ana ulemavu, unachoomba hasa, kwa namba ya nafasi ikiwezekana, uhusiano kati ya ulemavu na ombi, na tarehe unayotarajia jibu. Usitaje ugonjwa. Kama ulemavu hauonekani, mwenye nyumba anaweza kuomba uthibitisho kutoka kwa mtu anayeufahamu, daktari au mfanyakazi wa ustawi wa jamii, lakini hana haki ya kudai faili la hospitali. Hawezi kukutoza kodi ya ziada kwa nafasi aliyokupa kama marekebisho ya ulemavu. Kukaa kimya wiki baada ya wiki kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukataa. Akikutishia kwamba ataita maafisa wa uhamiaji, tishio hilo nalo ni kosa chini ya sheria ya California ya 2017.

Ombi la mdomo ni halali. Ila mdomo hauna tarehe. Ukiomba mkiwa mmesimama kwenye ngazi, tuma ujumbe jioni: "Kama tulivyozungumza leo..."

9. Kazini

FEHA inamshika mwajiri mwenye wafanyakazi 5 au zaidi. ADA huanzia 15, kwa hiyo karakana ndogo au nyumba ndogo ya wazee inayokwepa ADA mara nyingi imo ndani ya FEHA. Kipimo cha ulemavu nacho ni chepesi: inatosha hali yako ikuwekee mpaka katika shughuli kubwa ya maisha, wakati ADA inataka mpaka huo uwe mkubwa. Dawa au kifaa kinachokusaidia hakihesabiwi dhidi yako. Kisukari, kifafa, sonona, ugonjwa wa moyo na maambukizi ya VVU vimetajwa ndani ya sheria yenyewe. Rudi sehemu ya 2 uone: kadhaa kati ya hali hizi, peke yake, hazikupi kadi.

Huhitaji maneno maalumu. "Mguu hauniruhusu kusimama kwa muda wa saa 8, naomba kiti" ni ombi kamili. Likitolewa, mwajiri anatakiwa aketi nawe na kutafuta njia kwa nia njema. Kukataa mazungumzo hayo ni kosa linalojitegemea, na hapo mashauri mengi hushinda. Anaweza kuomba cheti cha daktari kinachosema unachoweza na usichoweza kufanya. Jina la ugonjwa si lake. Anaweza kukataa kitu fulani kama kingemletea mzigo mzito kwelikweli, lakini atafute kingine. Kukuadhibu kwa sababu uliomba, hata kama hatimaye hukupewa, kumekatazwa.

Nafasi ya gari karibu na mlango wa wafanyakazi inaweza kuwa mojawapo ya marekebisho hayo. Usionyeshe kadi ya bluu ukadhani imetosha. Omba kwa maandishi, useme unaomba kwa sababu ya ulemavu.

Linaloharibu mashauri ya kazi ni kuacha kazi kwa hasira kabla ya kuomba. Mwajiri atasema hakujua, na mara nyingi atakuwa anasema kweli.

10. Kufungua malalamiko, na saa inayokimbia

Ofisi ni Idara ya Haki za Kiraia ya California, CRD, ambayo hadi 2022 iliitwa DFEH. Barua za zamani bado zina jina hilo. Simu yake ni 800-884-1684. Hakuna ada, na unaweza kuomba mkalimani.

Kwa kazi una miaka 3 tangu kitendo. Kwa nyumba, mwaka 1 kwa CRD, na miaka 2 ukienda mahakamani moja kwa moja. Kwa duka au biashara, mwaka 1 kwa CRD, na huko si lazima uanzie CRD kabla ya kushtaki. Ukitaka pia ofisi ya serikali kuu ya ajira, EEOC, muda wake California ni siku 300, mfupi kuliko wa jimbo. Na ukiumia kwa sababu ya njia mbovu ya jiji au kaunti, dai la fidia hupelekwa kwao ndani ya miezi 6. Huo ndio muda unaowapita wengi, kwa kuwa hospitali peke yake inaweza kuumaliza.

Unaanza kwa fomu ya maelezo ya awali, mtandaoni au kwa simu. Fomu hiyo bado si malalamiko. Afisa atakuhoji, na akiona shauri liko ndani ya sheria ataandika malalamiko yenyewe nawe utasaini. Kwa hiyo usifike wiki ya mwisho. Andaa orodha ya tarehe, nani alisema nini, na majina ya mashahidi. Barua pepe zihamishie kwenye anwani yako binafsi mapema, ya kazi hufungwa siku unayofukuzwa. Chukua zinazokuhusu wewe tu, usibebe siri za wateja.

Kwa mashauri ya kazi utaulizwa kama unataka CRD ichunguze au unataka kibali cha kushtaki papo hapo. Kibali hutolewa haraka, na kwa haraka hiyo watu hukichagua bila kujua kwamba baada yake CRD haichunguzi tena, na una mwaka 1 tu kufika mahakamani. Kichague ukiwa tayari na wakili. Kama huna, chagua uchunguzi.